Kimya cha Ubeti wa Tatu

Kiser Branch, Virginia
4 Mei 1975

Kaka Hobert,

Kwa wakazi wote wa bonde la Kiser Branch, ambao tangu Jumanne iliyopita ni mimi peke yangu pamoja na kuku: mnatangaziwa kwa masikitiko makubwa kwamba bembea ya kibarazani imekatika mnyororo. Msiba ulitokea baada ya chakula cha mchana. Hakuna aliyejeruhiwa. Mnyororo uliotutoka ulikuwa wa upande wa kushoto, yaani upande wako, na kwa kuwa hakuna aliyeukalia upande huo tangu uhamie Michigan, kamati ya uchunguzi (mimi mwenyekiti, jogoo katibu) imeshindwa kueleza chanzo. Nadhani chuma nacho huchoka, hata kikiwa kimebeba hewa tu.

Najua unashangaa. Mimi na wewe tumezoea kadi moja kila Krismasi, yenye jina tu chini yake, kama stakabadhi. Sasa ni Mei na karatasi zinaendelea. Vumilia.

Dovie Counts amechukuliwa na binti yake kwenda Kingsport. Ndiye aliyekuwa jirani wa mwisho. Hatukuwa watu wa kutembeleana. Alinituhumu kwa miaka mingi kwamba mbwa wangu ndiye aliyekula nguruwe wake aliyemkausha kwa moshi, na mbwa alikufa bila kusafishwa jina. Lakini asubuhi moja baada ya yeye kuondoka nilijikuta nimesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, nalitazama bomba lake la moshi, nikagundua kwamba kumbe kila siku nilikuwa nikiusalimia moshi wake.

Sasa habari yenyewe. Wiki iliyopita alikuja mtu. Gari lake lilikwama kijitoni, nikamvuta kwa kamba, ndipo akaniuliza kama namfahamu Arlis Kiser. Nikamwambia ninamfahamu, lakini si wa kutegemewa. Anaitwa Lattimer, ni daktari wa meno huko Carolina. Alipojua ni mimi, alivua kofia akasimama kwenye matope kama yuko kanisani, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye meno yangu. Unakumbuka nilivyokuwa nalipaka jino masizi kabla ya kupanda jukwaani, na ile suruali pana, ili nikiwa Binamu Boga nionekane kibogoyo na watu wacheke? Siku hizi masizi hayahitajiki.

Akatoa gitaa la kulaza mapajani kama langu, lenye sahani ya bati tumboni, ila lake linang'aa kama bafu la hoteli. Akavaa kucha za chuma mkono wa kulia, akashika kipande cha chuma mkono wa kushoto, akaanza kukitelezesha juu ya nyuzi. Kaka, alipiga "Usizime Jiko, Mama" kutoka kwenye sahani yetu ya santuri ya mwaka 1954, noti kwa noti, pamoja na makosa yangu yote. Alipofika ubeti wa tatu akanyamaza. Akawa anapiga mguu tu sakafuni. Akajibu kidogo, akanyamaza tena. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, hapana, hicho ndicho kimya chenyewe.

Kumbe kila anayepiga gitaa la namna hii katika muziki wetu wa milimani, bluegrass, kuanzia hapa mpaka California, na wengine Japani, amejifunza kimya kile. Wanaizungusha santuri polepole na kukihesabu kwa mguu. Nikaliazima gitaa lake nimwonyeshe. Nilikuwa sijagusa nyuzi muda mrefu. Nikafika ubeti wa tatu, akanigusa bega kwa adabu.

"Samahani mzee, hapo umewahi. Arlis Kiser huwa anasubiri."

"Namjua," nikamwambia. "Ni mtu mzito wa kuelewa."

Jambo moja sitakuficha. Wote hao wanaamini umekufa, na kile kimya wanakuachia wewe kama heshima. Nilitaka kumsahihisha. Nikafungua mdomo, nikakumbuka meno, nikaufunga.

Wanafanya tamasha tarehe 16 Agosti kwenye malisho ya ng'ombe nje ya Wytheville, wanataka kunituza na wanataka nipige wimbo ule. Nimemwambia kwamba gitaa langu halisemi, linajibu tu. Bila wewe kuimba, nitakuwa kama waumini wanaomwitikia mhubiri ambaye hajafika. Kwa hiyo naomba uje. Uimbe ubeti wa tatu. Kama umechoka, huo tu. Usipokuja, nami siendi.

Mdogo wako,
Arlis


Ypsilanti, Michigan
18 Mei 1975

Arlis,

Nasikia nimekufa. Nimekagua hapa nyumbani na ni kweli pametulia, lakini watu wa umeme bado wananiandikia kwa jina langu, nao hawakosei. Mwambie daktari wa meno kwamba marehemu anamsalimu.

Kuhusu bembea, usiifunge kwa waya. Nakujua.

Kuhusu Agosti, hapana. Kiwandani kuna kazi nyingi na msimamizi mpya hapendi sisi watu wa milimani tukikimbilia nyumbani kila Ijumaa. Tena nimepatwa na mafua yasiyoisha, koo si zuri. Mtafute mtu mwenye sauti, wako wengi, wanaota huko kama vitunguu pori. Au usimtafute. Wewe ndiye wanayekutaka.

Habari za hapa ni chache. Maua ya Retha wangu ya dirishani naendelea kuyamwagilia tangu alipofariki. Mawili yamekufa. Sikuyapenda hata alipokuwepo, lakini naona aibu kuyatupa.

Nguruwe wa Dovie aliliwa na mbwa wako. Nilimwona.

Hobert


Kiser Branch
1 Juni 1975

Kaka,

Kumbe ulimwona na ukanyamaza miaka yote. Hilo nalo tutalifikisha kwenye kamati.

Jumapili iliyopita tulipamba makaburi. Ninaposema "tulipamba" natia chumvi. Tulikuwa wachache, na nusu yetu tulikuja na fimbo. Nilifyeka kaburi la Baba na la Mama, nikarundika udongo vizuri, nikaweka maua ya karatasi. Mke wa Burl tarishi alileta ile keki ya matabaka yenye matufaha ya kukausha, na kwa kuwa walaji hatukutosha, nimekuwa nikiila kifungua kinywa hadi leo.

Kisha mzee Vanover akatoa wimbo wa Mama. Unajua alivyokuwa Baba: anautoa mstari haraka haraka peke yake, kama anayeogopa utapoa, halafu kanisa zima linaupokea na kuuburuta polepole, kila mtu anaukunja anavyojua. Bibi Vesta alikuwa akipanda kwenye noti kama mtu mwenye goti bovu anavyopanda ngazi. Daktari wa meno aliniuliza nilivumbuaje mtindo wangu. Nikamwambia sikuvumbua kitu. Kanisani kwetu ala za muziki ni dhambi, kwa hiyo nilijifungia kwenye ghala la mahindi na kipande cha chuma cha kutobolea makaa, nikamwiga Bibi Vesta mpaka chuma kikapata goti bovu. Wewe ulikuwa Baba, unatoa mstari. Mimi nilikuwa kanisa.

Nikiwa nimeshika reki pale makaburini, nikaelewa kwa nini swali la kimya kile haliniachi. Kanisa haliwezi kuitikia mstari ambao haujatolewa. Ubeti wa kwanza ulitoa, nikajibu. Wa pili ulitoa, nikajibu. Wa tatu ukasimama mbele ya maikrofoni ile moja tuliyokuwa nayo, umenigeuzia uso, mdomo umefungwa. Nikasubiri. Mpiga besi akatembea peke yake kama mtu aliyesahaulika stesheni. Nikajibu mstari ambao hukuutoa, nikasubiri tena. Mwenye studio akasema inatosha, hatarudia, tutoke. Hicho ndicho wanachokihesabu kwa mguu huko Japani.

Garini nilikwambia ulifanya kusudi, kwamba moyo wako ulikuwa umeshafika Michigan na ulitaka kuniharibia kabla ya kuondoka. Hukukana. Ulitazama dirishani safari nzima, na wiki ile ile ukaondoka na Retha. Sitaki ugomvi, kaka. Nimeshapita umri wa ugomvi, hata jogoo namwachia ashinde. Nataka kujua tu. Ulinyamaza kwa nini?

Habari njema: nguzo za simu zimefika huku. Yangu ni nyeusi, iko ukutani karibu na jiko. Imelia mara moja. Alikuwa mwanamke amekosea namba, tukazungumza vizuri sana, anaozesha binti mwezi huu. Nitumie namba yako. Kama ni vigumu kuandika jibu, niambie tu kwa simu. Na Agosti bado ipo pale pale.

Arlis


Ypsilanti
15 Juni 1975

Arlis,

Sina simu.

Agosti siji, na mambo ya studio yaache yalipo. Watu wamekipenda kile kimya, basi waachie.

Nakutumia mnyororo kwa posta. Ni wa kiwandani, unaweza kuning'iniza lori. Badilisha pande zote mbili, usifunge mmoja mpya na mmoja mzee, bembea itaenda upande.

Nenda kwenye tamasha. Usiache kwa sababu yangu.

Hobert


Kiser Branch
13 Julai 1975

Kaka Hobert,

Mnyororo umefika. Burl aliubeba begani kutoka barabara kuu, akasema kama kaka yangu ameamua kunitumia Michigan vipande vipande, angeanza na vilivyo vyepesi. Ahsante. Nimeutundika msumarini. Sijaufunga bado.

Nimemwambia daktari wa meno kwamba uko hai. Alifurahi, kisha akasononeka kidogo; nadhani alikuwa ameshakuzoea ukiwa umekufa. Akauliza, kama ni hivyo, kimya kile ni cha nani. Nikamwambia bado ni cha kaka yangu.

Sasa nikwambie nilichofanya, maana najua umeshajua. Binamu Eula wa Flint alinipa namba yako. Kumbe simu unayo, iko kwa jina la Retha. Jumapili nilikaa mbele ya ile simu nyeusi nimevaa shati safi, mpumbavu mimi, kana kwamba ungeniona. Ikainuliwa upesi. Nikasema, "Hobert? Ni mimi, Boga."

Hukujibu. Nikakusikia ukipumua kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Nikakwambia habari za kuku, sijui kwa nini. Ukapumua. Kisha nikasikia kitu kikigonga, ngo, ngo, ngo, nikajua unapiga meza kwa hasira. Nikasubiri. Kwa kusubiri mimi nina sifa ya kimataifa. Ukakata.

Basi nimekuelewa. Mara ya kwanza ningeweza kujidanganya kwamba kuna sababu. Mara ya pili ni jibu. Sitauliza tena, wala sitapiga. Nitaendelea kukuandikia kadi ya Krismasi, na wewe weka jina tu kama zamani, ilikuwa inatosha.

Tamasha sijui. Jioni naliweka gitaa mapajani, nafika ubeti wa tatu, nalirudisha kwenye sanduku.

Arlis


Kiser Branch
18 Agosti 1975

Hobert,

Nilisema sitauliza, na hapa siulizi. Natoa habari tu.

Nilikwenda. Daktari Lattimer alikuja mwenyewe kunichukua, na kabla ya kunichukua alinikalisha kwenye kiti cha jikoni akaniwekea meno mawili aliyoyatengeneza kwao, zawadi. Kwa hiyo nilipanda jukwaani nikiwa na meno kamili kwa mara ya kwanza maishani, na suruali inayonienea, nikakosa kabisa cha kuchekesha. Nilipoinama kusalimu, hakuna aliyecheka. Nikaogopa.

Waliweka maikrofoni moja tu katikati, kama zamani, wapigaji wanapishana. Walitaka mtu wa kwao aimbe kwenye nafasi yako. Nikawaomba waiache wazi. Ubeti wa kwanza na wa pili waliimba watu wote pale malishoni, nami nikajibu. Nusu yao walikuwa wamelaza magitaa mapajani, wamekaa juu ya masanduku yao, kwenye viti vya kukunja, mkiani mwa magari, wanapiga pamoja nami. Ubeti wa tatu ulipofika wakanyamaza wote kwa pamoja.

Sijui kukuelezea. Wakati ule kimya kile nilikaa nacho peke yangu. Safari hii umati mzima ulikaa nacho, na ng'ombe wa jirani wakasikika, na bado kilikuwa na upweke ule ule. Nikatazama mbele ya maikrofoni. Hakukuwa na mtu. Nikajibu hivyo hivyo.

Wamenipa ubao wenye jina langu. Nimeutundika bandani, kuku wanauheshimu. Nilipofika nyumbani nilipasha maharage, nikakata mkate wa mahindi, nikala kwa meno mapya, nikaona hakuna wa kumweleza yalivyo.

Ndiyo maana nimekueleza.

Arlis


Ypsilanti
24 Agosti 1975

Mdogo wangu,

Kaa chini, hii ni ndefu, na mimi si mwandishi kama wewe.

Barua yako yote ni kweli isipokuwa sehemu moja. Ulisema hakukuwa na mtu.

Oktoba mwaka jana walinipasua koo kwa saratani wakatoa kisanduku cha sauti chote. Madaktari wanasema sigara. Mimi nadhani moshi wa tanuri nao ulichangia. Sasa nina tundu shingoni, ndilo ninalopumulia, nalifunika kwa kitambaa cha Retha. Kazi nimeacha tangu wakati huo. Mafua hayakuwepo. Dukani naonyesha kwa kidole kama mtoto. Walinipa kifaa cha kuweka kooni, kinanguruma kama mashine ya kunyolea. Nilikijaribu mara moja hapa jikoni, nikasema jina la Retha, nikakirudisha kwenye boksi lake.

Sikukwambia kwa sababu barua yako ya Mei ilikuja imemwandikia mtu mwenye sauti. Ulimwomba aje aimbe. Hapa mtaani hakuna anayemkumbuka mtu huyo. Nilitaka aendelee kuishi mahali fulani, hata kama ni kichwani mwako tu, na hata kama umemkasirikia.

Siku uliyopiga simu nilijua ni wewe kabla ya kuiinua, maana hakuna mwingine anayepiga. Sikugonga meza. Niligonga pete yangu ya ndoa kwenye mdomo wa simu. Ulikuwa mwendo wa besi, ule wa ubeti wa tatu. Nilidhani utautambua ujibu. Kisha nikakusikia unavyosubiri, Arlis, nikashindwa kuvumilia, nikakata. Baadaye nilikaa na simu mapajani mpaka chakula kikaungua.

Sasa ya studio. Unajua jinsi ilivyokuwa jukwaani. Kila ulipolitelezesha lile gitaa, watu walikuwa wanaangua kicheko, kwa sababu ya suruali, kwa sababu ya jino. Ndiyo ilikuwa kazi yako, na mimi nilisimama mbele na nywele zimepakwa mafuta, nikakipokea kicheko chako kama tandiko la kuimbia. Miaka yote ile sikuwahi kukusikia. Nilikuwa nawasikia wao.

Siku ile studioni hapakuwa na watazamaji. Ulikuja na shati la Jumapili. Ubeti wa pili ulipokwisha ukajibu, na nilikuwa nimekugeukia, na hakuna aliyecheka. Nikasikia kanisa. Nikamsikia Bibi Vesta na goti lake, nikamsikia Mama nyuma yake akichelewa kama kawaida yake, wote wametoka kwenye mkono wako wa kushoto. Nikasahau kuimba. Hivyo tu. Ubeti wa tatu ulinipita nikiwa nasikiliza. Ukanisubiri, nikadhani unapumzisha tu, nikangoja uendelee, nawe ukangoja nianze.

Garini uliposema nilifanya kusudi, ningeweza kukana. Lakini kesho yake nilikuwa naondoka, na sikuwa nimekwambia kwamba naogopa kuondoka. Ni rahisi kumwacha mtu aliyekukasirikia. Nikakuacha unikasirikie. Nilipofika huku nikaona aibu ya kukuandikia kwamba kaka yako mkubwa, mwimbaji, alisahau kuimba kwa sababu ya gitaa la Binamu Boga. Nikasema nitaandika Krismasi. Unajua jinsi kadi zilivyokuwa.

Basi, tarehe 16. Nilikuja na vijana wa Pikeville wanaoshuka nyumbani kila Ijumaa, wakanishusha Wytheville. Niliogopa kukuambia nakuja, maana ungenipandisha jukwaani. Nilisimama uzioni, karibu na mwuza limau, na kitambaa shingoni katika joto lile, watu wakinitazama. Nilikuona ukipanda. Meno yamekukaa vizuri, ila usiyaonyeshe yote kwa mara moja.

Karibu nami alikuwepo mama mmoja wa kofia ya majani, gitaa mapajani. Ubeti wa pili ulipokuwa unakwisha, akaniinamia akanong'ona, kama anayemwonyesha mgeni jambo la heshima:

"Sasa sikiliza. Hapa ndipo alipokuwa akiimba marehemu kaka yake."

Nikavua kofia. Ningefanya nini?

Kisha wote wakanyamaza, kama ulivyosema, na ng'ombe wakasikika, ni kweli. Nikakuona unatazama pale mbele ya maikrofoni. Ulitazama mahali nisipokuwepo. Mimi nilikuwa uzioni.

Huko nyumbani nitafika Ijumaa ijayo na vijana wale wale, kama utakuwa umefunga mnyororo. Kifaa changu nitakileta, tutacheka nacho, kinafanana na sauti ya Dovie. Lakini kimya cha safari hii nataka ukijue kwa usahihi, kwa kuwa watu watakizungumzia na wewe ndiye utakayeulizwa.

Besi ilipotembea, nilisimama wima na kuvuta pumzi kama Baba alivyotufundisha. Nikafungua mdomo, nikautoa mstari wa kwanza wa ubeti wa tatu, maneno yote, mpaka la mwisho. Hakikutoka kitu isipokuwa upepo shingoni, ukakipeperusha kitambaa cha Retha kidogo. Yule mama alidhani nalia. Lakini niliingia mahali pake, Arlis, sikuwahi wala sikuchelewa, na nilipomaliza mstari, ukanijibu.

Kaka yako,
Hobert